Yaya wa Papa Ilunga

Mkisikia mtu wa Malvern, hapa Johannesburg, anasema Mama Salma amestaafu kuandika, mkatalieni. Kustaafu ni pale watu wanapokukatia keki na kukupa saa ya ukutani. Mimi niliondolewa, na aliyeniondoa namtaja hapa hapa mwanzoni asije akasema nilimvizia: ni Mwepu, prezida wa umoja wa misiba wa Wakongo, mwenye suti ya kijivu na sauti ya mtangazaji. Akitaka kunijibu ajibu. Kalamu zinauzwa kila spaza, kila kiduka cha mtaani.

Nyie vijana mlioniomba niwaeleze kazi hii, nawajua. Mnaandika kwa vidole gumba, mnacheka kwa Kizulu, na Kiswahili mnakitumia kwa bibi zenu tu mkitaka kitu. Sawa. Hadithi ni hadithi hata ikiandikwa kwa kidole gumba. Ila msije mkaniuliza shahada yangu. Nimesoma Tanga mpaka darasa la tano. La sita nililiona dirishani, nikipita na beseni la maandazi.

Nilianza na hadithi za kubuni, tena kwa mdomo. Nilikuwa nasuka nywele saluni ya Jules Street, na mteja wa rasta ndogondogo anakaa kitini saa sita. Redio ya pale ilikuwa mbovu, basi nikawa redio mimi. Nikifika pale mpenzi anapofungua mlango na kumkuta nani, natangaza kwamba kichwa kimekwisha, mteja aende nyumbani. Walikuwa wanarudi kufumua nywele kabla hazijachakaa, ili wajue nani alikuwa nyuma ya mlango. Mwenye saluni ndiye aliyeninunulia daftari la kwanza. Alikuwa hanipendi, alipenda wateja warudi.

Nikaandika mapenzi, majasusi, mizimu, na polisi wa kike aliyempenda mwizi wake. Watu wananiuliza mbona nilirukaruka hivyo, sikuwa na njia yangu? Njia gani? Mwandishi wa Jules Street hachagui. Asubuhi anakuja mtu anataka barua ya posa, mchana unamaliza jambazi wako, jioni wanakuletea marehemu umwandikie historia. Anayetaka kuandika kitu kimoja tu maisha yake yote awe na mume tajiri.

Vitabu vyangu vilitolewa fotokopi Kensington, kwa Mzee Kariuki, Mkenya aliyepanga herufi za risasi kiwanda cha uchapaji Nairobi ujana wake wote. Alikuwa anakunja karatasi, anapiga pini mbili, kisha anakisoma kitabu chako mbele yako bila kubadilisha uso. Hakunisifu hata siku moja. Akifika mwisho alikuwa anasema tu, “Ukurasa wa nane huyu mwanamke ana watoto wawili. Ukurasa wa kumi na tatu ana watatu. Alizaa lini?”

Yeye ndiye aliyenifumbua macho baada ya kisa cha mlinzi. Niliandika hadithi ya mume mhuni, mlinzi wa mabenki, mwenye hawara Kensington na gari jeupe lenye taa moja iliyopasuka, anayepiga mluzi akioga. Nilimbuni mwenyewe, naapa. Wiki ile ile akaja Mama Shukuru na kitabu mkononi, amekikunja kama fimbo. Mumewe mlinzi. Gari jeupe. Mluzi bafuni. Nikamwambia mama, hiyo ni hadithi tu. Akaniuliza huyo mwanamke wa Kensington ni hadithi pia? Kesho yake akaja mume mwenyewe, mtu mkubwa, nikajua leo napigwa. Akasimama mlangoni, akaninong'oneza, “Sister, mengine yote sawa. Lakini kwa nini umeandika nina kitambi?”

Mzee Kariuki alisema kosa langu si kubuni, ni kubuni kivivu. Nilichukua kila nilichokiona dirishani. Ukibuni mlinzi, alisema, mpe kazi ya kuuza samaki. Shikeni hilo.

Mwaka 2015, vurugu za kufukuza wageni zilipopita barabara yetu, nilijifungia choo cha nyuma na madaftari mawili kifuani huku viti na vioo vinakwenda. Mama mmoja wa Kizulu, jirani, ndiye aliyenitoa na kunipitisha kwenye geti lake. Mwenye saluni yeye alitupigia simu siku tatu baadaye, kuuliza kama draya za nywele zimepona. Naye namtaja: Stella. Baada ya hapo sikuwa na kiti cha kusukia, nilikuwa na madaftari mawili tu. Ndiyo nikaingia kwenye marehemu.

Ninyi mmezaliwa hapa, mmezoea kuona misiba ya kanisani ikiwa na kijitabu: picha ya marehemu mbele, nyimbo nyuma, na katikati historia ya maisha yake. Mnadhani kinashuka kutoka mbinguni. Kinaandikwa na mtu. Kwa Wakongo wa Malvern, na kwa Wakenya na Wabongo Wakristo waliopenda kazi yangu, kwa miaka minne mtu huyo alikuwa mimi, Mwislamu wa Tanga na ushungi wangu, niliyekuwa nakaa benchi la mwisho kusikiliza kama sentensi zangu zinasomeka.

Sentensi ya kusomwa msibani haipimwi kwa nukta, inapimwa kwa pumzi ya mchungaji. Mchungaji mnene, sentensi fupi. Majina yaandike kwanza kabla hujaandika chochote, uyasome kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Watu watasamehe tarehe, jina hawasamehi. Wake wawili wanaogombana nani atangulie, wapange kwa herufi. Hakuna anayegombana na alfabeti. Na usiulize “alikuwa mtu wa namna gani?” kwa sababu marehemu wote ni wapole, wacheshi na wapenda watu. Uliza alikuwa hataki kuazima nini. Uliza alikuwa anakula nini akiwa peke yake. Kuna mzee mmoja nilimkosa siku mbili nzima, mpaka mkewe akaropoka kwamba hakuna aliyeruhusiwa kukaanga vitunguu nyumbani ila yeye, na akivikaanga anavaa tai. Niliposikia tai ile nikajua nimempata. Kanisa zima lilicheka, halafu likalia, na mjane akalia kuliko wote.

Sasa mnasema, kumbe Mama Salma alikuwa bingwa. Nami ndivyo nilivyodhani. Ubingwa ule ndio ulionitia shimoni.

Kiswahili cha Kongo si cha Tanga. Mwanzo nilipata aibu nyingi. Mlubumbashi akisema “bibi yangu” anamaanisha mkewe, na mimi nilishawahi kumwandika kijana kaacha bibi mjane. Akisema mtu “alitumika” mgodini anamaanisha alifanya kazi, hakutumiwa na mtu. Nilijifunza, nikaandika maneno hayo nyuma ya daftari, nikaanza kutembea kifua mbele. Neno nisilolijua nilikuwa nauliza. Sikujua kwamba hatari haiko kwenye neno usilolijua, iko kwenye lile unaloliona linafanana na la kwenu.

Papa Ilunga alikuwa fundi cherehani, na nguo zake mlizivaa, hata kama hamjui. Alifariki mwaka 2019, ghafla, mkasi mkononi. Mkewe alishatangulia mwaka mmoja kabla. Alibaki mtoto mmoja, Naomi, wa miaka saba. Nilipokwenda kukusanya historia, Mwepu ndiye aliyenipokea, kwa sababu ni mtoto wa baba mdogo wa marehemu na ni prezida. Alijibu maswali yote yeye. Ndugu wa tumbo moja? Hakuna, alisema, hapa hakuna. Kulikuwa na mwanamke mtu mzima, Mama Feza, anazunguka na chai, kitenge kiunoni, anamfuta Naomi pua huku anapita. Alipofika kwangu nikamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Akasema, “Niko yaya yake. Nilimulea tangu mudogo.” Mwepu akamtuma akalete sukari.

Haya. Kwetu yaya ni mwanamke anayelipwa kulea mtoto wa watu. Na huyu hapa, kitenge, chai, pua za mtoto. Sikuuliza. Usiku huo nikaandika kwamba marehemu alilelewa na yaya. Halafu, kwa ule ubingwa wangu, nikaliona neno “yaya” halina heshima. Nikafikiri niandike “dada”, kama tunavyowaita wasichana wa kazi Dar, nikakataa, nikasema watu watadhani ni dada yake kweli. Sikilizeni hapo. Ningeandika dada ningekuwa sahihi kwa bahati. Nikalisafisha, nikaandika: “mtumishi wa nyumbani aliyemlea kwa uaminifu.”

Nikampelekea Mwepu asome kabla ya kuchapwa. Mwepu ni wa Lubumbashi. Alisikia kwa masikio yake neno alilosema Mama Feza, na anajua maana yake kuliko mimi. Akasoma, akarudia mstari ule kwa kidole. Akaniambia, “Imenyooka, Mama Salma. Usiguse hata nukta.” Nikaona fahari.

Kanisani mchungaji akasoma bila kukwama, pumzi ilitosha. Neno “mtumishi” kanisani ni cheo, kwa hiyo akina mama wawili walikwenda kumpa mkono Mama Feza wakidhani ametawazwa. Niliwaona, nikacheka. Mungu anisamehe kile kicheko.

Wiki tatu baadaye akaja kwenye chumba cha nyuma nilikoanza tena kusuka, akakaa kwenye kiti cha mteja. Hakunigeukia. Aliongea nami kwa kioo.

“Mama, weye njo uliandika kitabu ya Ilunga?”

“Ni mimi.”

“Mi sijui kusoma. Soma pale pangu.”

Nikasoma. Akaniomba nirudie. Kisha akauliza mtumishi huyo ni nani. Nikamjibu kwamba ni yeye, si alisema mwenyewe ni yaya wake? Macho yake kwenye kioo yakaniangalia kama ya mtu anayetafuta pa kushika.

“Mama yetu alikufa Ilunga iko na miaka ine,” akasema. “Mi niko na kumi na mbili. Nilimubeba mugongo mpaka miguu yake inagusa chini. Kwetu yaya ni mukubwa yako, mama. Wa tumbo moya.”

Akaendelea taratibu, hana hasira, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwepu anawaambia wazee kwamba hata kitabu kimeandika yeye ni mtumishi, na mtumishi hana mtoto wala duka. Watu hawakumjua, alikuja Johannesburg mke wa Ilunga alipofariki, walimjua kama mwanamke anayefungua mlango. Siku ya kuondoa matanga wazee wataamua, na Mwepu anataka Naomi apelekwe Lubumbashi kwa mama yake Mwepu, mwanamke ambaye mtoto hajawahi kumwona. Anayebaki na mtoto ndiye anayebaki na duka la cherehani, kila mtu alijua hilo.

Siku ile ile nilimfuata Mwepu. Alinikaribisha kiti, akaagiza nipewe Fanta. Nikamuuliza kama alijua. Akaniuliza, alijua nini? Kalamu ilikuwa ya nani? Nikamwambia nitasahihisha. Akacheka kwa upole, sauti yake ile.

“Kitabu kimesomwa mbele ya Mungu na watu, Mama Salma. Ukisema uliandika uongo kwa Ilunga, wale wengine wote uliowaandika watu watawafikiriaje? Nani atakupa marehemu mwingine?”

Sitawadanganya kwamba nilitoka pale na ushujaa. Nilikunywa Fanta yake yote. Nilikwenda kwa Mzee Kariuki nikitumaini ataniambia ninyamaze, kwa sababu kwa kweli alichosema Mwepu kilikuwa kweli: mwandishi wa marehemu akishakosea kwa mmoja, hata vile vitunguu vya tai vinatiliwa shaka. Mzee alikuwa anafuta mashine. Akaniuliza nilichapa nakala ngapi. Nikasema sitini. Akasema basi niko na makosa sitini, na akaendelea kufuta.

Matanga yaliondolewa Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa Kensington. Sikualikwa. Nilisimama nyuma na ushungi wangu. Wazee kama kumi na tano, Mama Feza ukutani kwenye kiti cha plastiki, Naomi magotini kwake anachezea pete yake. Mwepu akasimama na kijitabu changu, akasoma mstari wangu, kwa ile sauti. Lazima niseme ukweli, ulisomeka vizuri. Nikanyoosha mkono.

Alisema huyu mama si wa umoja huu. Nikasema ndiyo, lakini mstari ni wangu. Akawageukia wazee, akawaambia wasamehe, mama huyu ana darasa la tano, amechanganyikiwa.

“Darasa la tano hilo hilo ndilo linalokuandikia hotuba, prezida,” nikamwambia. “Hata ile ya kuomba uchaguliwe tena.”

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichonipa nafasi ya kusema lililobaki. Nikasema nilikosea. Nikasema neno nililoambiwa na neno nililoandika, na jinsi nilivyojiona najua. Nikasema pia kwamba Mwepu alisoma kabla ya kuchapwa, akaniambia nisiguse hata nukta. Akaanza kupaza sauti kwamba ninamtukana, kwamba mwanamke anayeuza uongo kwenye masaluni hawezi kuja kufundisha Wakongo ukoo wao.

Hapo ndipo Papa Ngoy, mzee kuliko wote pale, mtu ambaye nilidhani amelala, alipofungua macho.

“Mwepu. Mwaka jana ulinipigia telefone, unalia. Ulisema nani amekufa kwenu?”

Mwepu akakikunja kijitabu.

“Sema.”

“Yaya yangu,” akasema Mwepu.

“Alikuwa mutumishi?”

Papa Ngoy akaagiza Mama Feza aletewe kiti cha mbele, chenye mto. Mambo mengine yalizungumzwa kwa muda mrefu, lakini jambo lilikuwa limeshakwisha: Naomi alibaki kwa shangazi yake, na duka likabaki kwao.

Nikadhani nitashukuriwa. Mlangoni Mama Feza alinishika mkono, akaniambia nimesema vizuri, lakini humu wamesikia watu kumi na tano, na kanisani walikuwa wamejaa. Wale wengine nitawaendea lini?

Kazi yangu ilikufa haraka kuliko nilivyotegemea. Mwepu alipiga simu kwa kila umoja kuanzia Malvern mpaka Yeoville, akasema Mama Salma anabadilisha marehemu. Wakenya wakapata kijana mwenye laptop. Vijitabu vyake nimevisoma: wote wapole, wacheshi na wapenda watu. Sijutii. Andikeni hilo kwenye simu zenu. Nilichokosa ni kazi. Mwepu alitaka kuniachia kazi na kunichukulia kalamu, nikaona bora kinyume chake.

Hivyo nikaanza kutembea. Nyumba kwa nyumba, kijitabu kwa kijitabu. Nikibisha, naeleza, naomba waniletee. Wengine walikuwa wamekitia kwenye fremu, wengine wamewashia mkaa, na mmoja kule Diepsloot alikuwa amekiweka chini ya mguu wa friji isicheze, nikainua friji. Nilikuwa nafuta kwa rula, mstari mmoja ulionyooka ili watu waone kilichofutwa, halafu naandika juu yake kwa mkono. Kosa usilifiche kwa wino mwingi. Acha lionekane, na lililo sahihi likae juu yake.

Cha mwisho kilikuwa cha Mwepu. Alitoka getini mwenyewe, bila suti, kandambili miguuni, akaniambia kimepotea. Nikamwambia nitasubiri. Eish, mama, una kazi gani wewe, akasema. Nikamwambia sina, amehakikisha mwenyewe. Akaingia ndani, akaniacha juani. Baada ya muda akatoka mkewe, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, akanipitishia kijitabu katikati ya nondo za geti, kimefunguliwa tayari ukurasa wenyewe.

“Ye iko anaangalia kwa dirisha,” akasema. “Andika pole pole, aone.”

Nikakiegemeza kwenye nondo. Nikafuta “mtumishi wa nyumbani”. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa za darasa la tano: dada yake mkubwa, Feza, wa tumbo moja.